Muziki mtamu, Zoom ikifunguka sauti ya ndooni: hedifoni zangu zina nini?

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu, nafundisha wageni Kiswahili mtandaoni nikiwa nyumbani Morogoro. Mwezi uliopita nilinunua hedifoni za Bluetooth Kariakoo, zile kubwa za kufunika masikio. Laptopu yangu ni ya mtumba, ina Windows 10. Nikisikiliza taarabu sauti ni tamu sana. Nikifungua Zoom tu, sauti inageuka kama ya simu ya zamani, na wanafunzi wanasema mimi nasikika kama naongea ndani ya ndoo. Siku nyingine nasikia kimya kabisa. Pia sauti inakatikakatika nikichomeka modemu, na kuna asubuhi hedifoni zinagoma kuunganika. Muuzaji anasema ni nzima, na kweli kwenye simu hazina shida. Fundi anataka apige Windows upya na aongeze RAM, jumla laki moja na nusu. Nimlipe?"

Mwalimu, usimlipe kwanza. Jibu la tatizo lako kubwa umeshaliandika mwenyewe: taarabu ni tamu, Zoom ikifunguka sauti inaharibika. Hedifoni mbovu hazichagui programu. RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi ya mashine, ikiwa ndogo, utaona picha inaganda, mashine inakuwa nzito, pengine sauti inarukaruka, lakini haibanwi ikawa ya simu. Na Windows hata ipigwe mara kumi, siku ya darasa utarudi palepale. Nasema hivi kwa aibu kidogo, kwa sababu miaka yangu ya mwanzo niliipiga Windows mara mbili kwenye mashine ya mteja mmoja kwa ugonjwa huu huu. Aliporudi mara ya tatu ndipo nikakaa chini kujiuliza kwa nini dawa haishiki.

Muuzaji wako amesema kweli, hedifoni ni nzima. Kinachobadilika ni njia ambayo sauti inapita hewani.

Bluetooth ya kawaida ina njia mbili za sauti, na kila moja ilitengenezwa kwa kazi yake. Ya kwanza inaitwa A2DP, nayo ni ya kwenda tu: sauti inatoka kwenye laptopu inaingia masikioni mwako, kushoto na kulia. Humo sauti hupimwa kwa kawaida mara 44,100 kila sekunde, na ile kodeki (njia ya kufinya sauti ili ipite hewani) ya lazima ambayo kila hedifoni inayo, SBC, katika ubora wa juu unaopendekezwa hutumia kama kilobiti 328 kwa sekunde. Hapo karibu kila kitu ambacho sikio la mtu linasikia kinapita. Ndiyo maana taarabu inakuwa tamu, kila kinanda na kila fidla iko mahali pake.

Njia ya pili inaitwa HFP. Hii ilibuniwa kwa ajili ya dereva anayetaka kuongea na simu bila kuishika, na kazi yake ni maongezi, basi. Inabeba sauti kwenda na kurudi kwa wakati mmoja, hivyo kila upande unapewa kipande kidogo: kama kilobiti 64 kwa sekunde, na kushoto na kulia vinaunganishwa kuwa kitu kimoja. Katika toleo lake la zamani sauti inapimwa mara 8,000 tu kwa sekunde. Kanuni ni kwamba unapata nusu ya hapo, maana yake chochote kinachotetema zaidi ya mara 4,000 kwa sekunde kinatupwa. Toleo lililoboreshwa, linaloitwa mSBC, linapima mara 16,000, na tofauti inasikika, ila bado ni sauti ya maongezi.

Kwako wewe hili lina uzito kuliko kwa mtu anayehudhuria kikao cha ofisi. Nguvu kubwa ya herufi "s" iko juu ya ile mitetemo 4,000. Ikikatwa, "s" inabaki upepo tu, na upepo huo unafanana sana na "f" na "th". Mimi na wewe tukiambiwa "usinisumbue" kwenye simu mbovu hatupotei, maana tunajua lugha, tunajazia wenyewe. Mgeni aliye wiki ya tatu hana cha kujazia. Umtamkie "sumbua" na "fumbua", au "samani" na "thamani", kupitia njia hii ya pili, kisha umlaumu kwamba hasikilizi! Kwa mwalimu wa matamshi, maikrofoni ni sehemu ya ubao.

Sasa shida yenyewe iko hapa: maikrofoni ya hedifoni zako inaishi kwenye njia ya pili tu. Kwenye ile ya kwanza haipo kabisa. Programu yoyote ikiiomba maikrofoni hiyo, Zoom, Teams, WhatsApp ya kompyuta, hata ukurasa wa kivinjari uliouruhusu zamani ukasahau, laptopu inalazimika kuiacha njia nzuri na kuhamia ile nyembamba. Inahama na masikio yako pia. Kwa hiyo unapata hasara mbili kwa mpigo, wewe unasikia vibaya na wanafunzi wanakusikia vibaya.

Utaniuliza mbona kwenye simu ziko sawa. Hata kwenye simu mambo ni hayo hayo. Ukipigiwa huku unasikiliza muziki, muziki unasimama kwanza, kisha maongezi yanapita kwenye ile njia ya pili. Hukuona tofauti kwa sababu ulikuwa unatarajia sauti ya simu, na simu ikasikika kama simu.

Na zile siku za kimya kabisa? Hapo Windows 10 ndiyo inayokuchanganya. Yenyewe inazionyesha hedifoni zako kama vifaa viwili tofauti. Kimoja kimeandikwa "Headphones" na neno "Stereo", kingine kimeandikwa "Headset" na maneno "Hands-Free". Ukiwa umechagua kusikiliza kwa kile cha "Stereo" halafu Zoom ikawasha maikrofoni ya "Hands-Free", njia ya kwanza inafungwa, na sauti iliyokuwa inapelekwa huko inakosa pa kupita. Unabaki unaangalia midomo ya watu. Windows 11 imeviunganisha vikawa jina moja na inahama yenyewe, hivyo kimya kimepungua huko, ila kule kubanwa kwa sauti kunabaki vilevile. Ukitumia Mac nako ni hivyo hivyo, usidhani kuna wa kuonewa wivu.

Tiba yake haina gharama. Sikiliza kwa hedifoni, ongea kwa maikrofoni nyingine. Fungua Zoom kabla ya kipindi, ingia kwenye mipangilio yake, upande wa sauti. Penye spika chagua hedifoni zenye neno "Stereo". Penye maikrofoni chagua ile ya laptopu yenyewe, ambayo mara nyingi imeandikwa "Microphone Array" au jina la Realtek, watengenezaji wa chipu za sauti. Usiache chaguo la "Same as System", maana siku Windows ikibadilisha mawazo, Zoom itaifuata. Kisha bonyeza kitufe cha kujaribu maikrofoni, sema maneno mawili matatu yenye "s" na "sh", ujisikilize. Utacheka.

Kama baada ya hapo bado sauti inarudi kubanwa bila sababu, kuna programu nyingine nyuma inaishika maikrofoni ya hedifoni. Badala ya kuiwinda, ifungie mlango: nenda Control Panel, "Devices and Printers", bonyeza kulia kwenye hedifoni zako, chagua "Properties", fungua ukurasa wa "Services", ondoa alama kwenye "Handsfree Telephony". Toka hapo laptopu haitajua kwamba hedifoni zina maikrofoni. Kwenye simu zitaendelea kupokea kama kawaida, mabadiliko haya yako kwenye laptopu peke yake. Siku ukiihitaji tena unarudisha alama.

Sasa nikwambie ukweli kuhusu maikrofoni ya laptopu. Inasikia vizuri, na hilo ndilo tatizo lake, maana inasikia kila kitu. Jogoo wa jirani, feni ya mashine yenyewe, vidole vyako kwenye kibodi. Chumba chenye kuta tupu na sakafu ya vigae kitakurudishia mwangwi. Pazia zito na mkeka vinasaidia kuliko unavyodhani. Kama chumba kimetulia, baki nayo. Kama hakitulii, nunua kitu cha bei ndogo kuliko vyote nitakavyovitaja leo: visikizi vya waya vya simu, vile vyenye maikrofoni ndogo kwenye waya, karibu na kidevu. Kuwa karibu na mdomo kunashinda ubora mwingi wa gharama.

Ukivinunua, angalia ncha ya plagi yake kabla hujatoa hela. Hesabu vipete vyeusi vinavyoizunguka. Vikiwa vitatu, plagi ina sehemu nne na maikrofoni ipo. Vikiwa viwili, ni ya kusikiliza tu, hata muuzaji aape. Na laptopu yako nayo iangalie: yenye tundu moja, mara nyingi likiwa na mchoro wa hedifoni yenye mkono wa maikrofoni, itaipokea moja kwa moja. Zile za zamani zenye matundu mawili mbalimbali zinahitaji kiunganishi cha kuigawa plagi hiyo mara mbili.

Tena hedifoni zako kubwa huenda zina tundu la waya chini ya sikio moja. Nyingi za aina hiyo zinalo, na waya mara nyingi unakuja ndani ya boksi. Ukichomeka waya, habari za Bluetooth zinaisha: sauti haichelewi, haibanwi, wala betri haikusumbui. Maikrofoni yake huenda isifanye kazi kwa waya, ila hiyo tumeshaiacha. Mimi mwenyewe nikiwa na kikao ambacho sitaki kiharibike natumia waya, na sioni haya.

Njia nyingine ni hedifoni zinazokuja na kipokezi chake cha USB, zile za ofisini au za wacheza gemu. Laptopu inakiona kipokezi kama kadi ya sauti, haijui habari za Bluetooth, kwa hiyo hakuna kuchaguachagua. Za wacheza gemu nyingi hutumia redio yao wenyewe, na sauti inakuwa nzuri pande zote mbili. Za ofisini baadhi bado zinatumia Bluetooth ndani ya kipokezi chao, zinakuwa tulivu lakini sauti ni ya maongezi. Kama unafundisha saa sita kila siku na ndicho kipato chako, hapa ndipo ningeipeleka ile laki na nusu, na hata hivyo baada ya kujaribu waya kwanza.

Utakutana pia na muuzaji atakayekwambia ununue kipokezi kidogo cha Bluetooth 5.3, "mpya kabisa, mama, hii inamaliza kila kitu". Taratibu. Ni kweli iko Bluetooth ya sauti ya kizazi kipya, inaitwa LE Audio, yenye kodeki iitwayo LC3, na hiyo ndiyo iliyokuja kuondoa huu ugomvi wa njia mbili. Ilitangazwa mwanzoni mwa mwaka 2020. Lakini namba 5.3 kwenye boksi haimaanishi kwamba LE Audio imo, kwa sababu ni kitu cha hiari. Inatakiwa iwepo kwenye hedifoni, kwenye kipokezi, kwenye draiva zake (programu zinazokiendesha), na Windows iwe 11. Wewe una Windows 10, ambayo Microsoft ilimaliza kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kipokezi hicho kitakupa njia zilezile mbili, kwenye boksi jipya.

Twende kwenye kukatikakatika, na hapo umenipa kidokezo kizuri kwamba hutokea ukichomeka modemu. Bluetooth na Wi-Fi ya kawaida zinagombania masafa yale yale ya GHz 2.4. Bluetooth yenyewe ni mwepesi wa kukwepa, inaruka kati ya chaneli 79 mara 1,600 kila sekunde, na zile zenye kelele inaziacha. Lakini kuna kelele isiyokwepeka kirahisi: vifaa na matundu ya USB 3.0, mengi yana rangi ya buluu ndani, hutoa mtafaruku wa redio kwenye masafa hayo hayo. Intel, watengenezaji wa chipu za kompyuta, walilieleza jambo hilo kwa maandishi mwaka 2012. Kwa hiyo ukichomeka kifaa cha USB 3.0 kwenye tundu la buluu jirani na antena ya laptopu, ni kama umeweka jenereta mlangoni mwa darasa. Modemu yako, kama ni ile inayogawa Wi-Fi pia, inaongeza kelele yake juu ya hiyo.

Hamishia modemu upande wa pili wa laptopu, kwenye tundu lisilo la buluu kama lipo. Bora zaidi, tumia waya mfupi wa kurefusha USB, modemu ikae nusu mita mbali na mashine. Kama unatumia intaneti ya simu, na laptopu yako inaiona Wi-Fi ya GHz 5, iweke simu igawe kwa masafa hayo. Ukiona jina la mtandao limepotea kwenye laptopu baada ya kubadilisha, basi kadi yako ni ya 2.4 tu, rudisha ulivyokuwa. Na mwili wako nao una lake. Mtu ni maji kwa sehemu kubwa, na maji hunyonya mawimbi hayo, hivyo ukigeuka ukaipa laptopu mgongo, au ukaenda jikoni kuangalia sufuria, kukatika si ajabu.

Hili la kugoma asubuhi ni dogo. Hedifoni na laptopu zilipooanishwa mara ya kwanza zilikubaliana siri, kila moja ikaitunza. Hedifoni zinakumbuka vifaa vichache tu, na nyingi zikiwashwa hukimbilia kile cha mwisho kutumika, ambacho kwako bila shaka ni simu uliyosikilizia usiku kitandani. Zima Bluetooth ya simu, kisha washa hedifoni. Zikigoma bado, siri imepotea upande mmoja: zifute kwenye laptopu, shikilia kitufe chake hadi taa ipepese kwa haraka, mara nyingi nyekundu na buluu kwa zamu, uoanishe upya. Na uzoee kubonyeza "Restart" badala ya "Shut down" mashine ikileta ukorofi. Kwenye Windows ya sasa kuzima mara nyingi ni nusu usingizi, ile ya kuwasha upya ndiyo inayosafisha.

Lini sasa umrudie fundi? Nenda kama alama ya Bluetooth imetoweka kabisa, haipo hata ndani ya "Device Manager", na haikurudi baada ya kuzima mashine, kuchomoa chaja na kushikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika. Nenda pia kama, hata bila modemu, hedifoni zinakatika ukisogea hatua mbili tu, na Wi-Fi nayo imekuwa dhaifu. Dalili hizo mbili zikiambatana, nashuku antena. Hedifoni zenyewe zikipata joto kali kwenye chaji au zikivimba penye betri, acha kuzitumia siku hiyo hiyo uzirudishe dukani.

Ukifika kwa fundi usimwambie "nitengenezee Bluetooth", maana atapiga Windows. Mwombe afungue mfuniko wa chini mbele yako, akuonyeshe kadi ya Wi-Fi. Ni kipande kidogo, kifupi kuliko kidole gumba, kinachobeba Wi-Fi na Bluetooth pamoja. Juu yake hushikizwa nyaya nyembamba, mara nyingi mbili, nyeusi na nyeupe, kwa vichwa vidogo vya shaba vinavyobanwa kama vishikizo vya blauzi. Laptopu za mtumba nyingi zimeshafunguliwa kabla hazijakufikia, mtu akaongeza RAM au akabadilisha diski, na waya mmoja ukabaki ukining'inia. Kuurudisha ni kazi ya dakika mbili. Kadi ikiwa imekufa kweli, kwenye mashine nyingi hubadilishwa bila kugusa kitu kingine, ila baadhi ya laptopu za zamani za ofisini hukataa kadi isiyo kwenye orodha ya mtengenezaji wake, kwa hiyo akubali kwanza kuijaribu ndipo umlipe. Akianza tena habari za RAM huku waya mweusi unaning'inia mbele yenu, funga laptopu yako uondoke.